Laptop nzito, linki ya maktaba inagoma, vitabu vimepotea: je, niformati?

Swali la msomaji: Habari za kazi mtaalamu. Nina laptop ya siku nyingi ya Windows 10, nikiiwasha inachukua muda mpaka nachoka. Maktaba yetu ya umma ina huduma za mtandaoni, unaazima vitabu na kusoma magazeti ukiwa nyumbani, na zamani nilikuwa naingia vizuri tu kwa linki niliyoihifadhi. Siku hizi linki inagoma, na mara nyingine brauza inasema ukurasa sio salama. Kuna kitabu nilikidaunlodi nikakiweka kwenye flashi, nikikifungua naona maandishi ya ajabu ajabu, na vingine viwili nilivyoazima vimepotea kabisa. Jamaa mmoja ameniambia hivyo ni virusi, niformati. Mwingine anasema laptop imezeeka ninunue nyingine. Nishike lipi?

Jibu: Tulia kwanza ndugu yangu. Usiformati na usinunue chochote, angalau sio leo. Nimelisoma swali lako taratibu na ninachokiona ni mambo manne tofauti yaliyokutokea kipindi kimoja, ndio maana yanaonekana kama ugonjwa mmoja. Uzito wa mashine ni jambo lake. Ukurasa kusema sio salama ni jambo lake. Linki kugoma ni jambo lake. Na hivyo vitabu, hapo sioni ubovu wowote, inawezekana kabisa mfumo umefanya kazi yake kama ulivyotengenezwa. Ukiformati leo utapoteza picha na mafaili, halafu ukimaliza kupanga kila kitu upya utakuta linki bado inagoma na vitabu bado havipo, na jamaa yako atakwambia basi hicho kirusi ni kikali.

Kabla hujagusa kitu tujue kwanza kosa liko upande gani. Chukua simu, zima waifai utumie data, andika mwenyewe anwani ya tovuti ya maktaba (usibonyeze ile linki ya zamani) kisha ingia kwa namba ya kadi na pini yako. Ikikubali basi akaunti yako ni nzima na shida iko kwenye laptop au kwenye waifai ya nyumbani. Ikikataa hata kwenye simu, acha kabisa kuihangaikia laptop. Kadi nyingi za maktaba zina tarehe ya mwisho, na tarehe ikifika huduma za mtandaoni zinajifunga hata kama kadi yenyewe unayo mfukoni, na maktaba nyingine zinafunga akaunti kama una faini au kuna kitabu cha karatasi hakijarudi. Hapo unamhitaji mkutubi kwa dakika chache, fundi hana cha kufanya.

Tuchukulie simu imekubali. Twende kwenye laptop.

Angalia mwaka, sio saa tu

Brauza ikisema ukurasa sio salama, watu wengi wanakimbilia kuwaza virusi. Mimi kitu cha kwanza naangalia kona ya chini kulia pale penye saa, na siangalii dakika, naangalia tarehe na mwaka. Kila tovuti inayofunguka kwa https ina cheti cha usalama, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Brauza inalinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako, haina saa nyingine ya kuamini. Sasa kama laptop inadhani tuko mwaka 2019, cheti kilichotolewa majuzi kinaonekana kama bado hakijaanza kutumika, brauza inakataa, na wewe unaona onyo jekundu utadhani umevamiwa.

Kwa nini saa irudi nyuma? Kwenye ubao wa ndani wa kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata mashine ikiwa imezimwa na haina umeme. Betri hiyo inakaa miaka kadhaa halafu inakufa kimya kimya. Dalili yake ni rahisi: unairekebisha tarehe, unazima, unachomoa chaja, kesho ukiwasha tarehe imerudi kulekule. Kwa leo nenda kwenye setingi upande wa muda na lugha, washa saa ijipange yenyewe kutoka mtandaoni na uhakikishe ukanda wa saa ni wa mahali ulipo, ubonyeze kitufe cha kusawazisha. Ikiendelea kurudi nyuma basi fundi abadilishe betri hiyo, ni kazi ndogo, ila mwambie aangalie kwanza maana laptop nyingine betri hiyo ina waya wake na nyingine haina kabisa, zinategemea betri kubwa.

Saa hiyohiyo inaweza pia kuharibu mambo ya vitabu. Programu inayofungua kitabu cha kuazima inapima siku za mkopo, na saa ikiruka mbele hata kwa mwezi mmoja, kitabu ulichoazima jana kinahesabika kimeisha muda. Kwa hiyo rekebisha tarehe kwanza, halafu ndio uendelee na mengine.

Na kama saa iko sawa? Basi angalia kama onyo linatokea kwa tovuti zote au moja tu. Likitokea kwa tovuti zote, shuku antivairasi inayojiweka katikati kukagua mawasiliano yako, au waifai ya hadhara ambayo inataka kwanza ukubali masharti yake kwenye ukurasa wao. Likitokea kwa tovuti ya maktaba peke yake, huenda ni wao wamechelewa kuhuisha cheti. Hapo usibonyeze kile kiandishi cha kuendelea kwa hatari yako halafu ukaandika namba ya kadi na pini. Wapigie uwaambie, wanapenda kujua mapema.

Linki ulihifadhi wakati gani?

Naomba uifungue hiyo linki uitazame vizuri pale juu kwenye anwani, usisome tu, hesabu kwa macho. Kama baada ya jina la tovuti kuna mlolongo mrefu wa herufi na namba zisizo na maana, basi jibu tumelipata. Ulihifadhi ukurasa ukiwa tayari umeshaingia ndani. Ule mlolongo ni wa kikao chako cha siku ile, seva ilikupa ili ikutambue wakati unazunguka kwenye kurasa, na ukikaa bila kubonyeza kitu kwa muda kikao kinafutwa. Kesho ukirudi na linki ileile unagonga mlango ambao haupo tena. Zamani ilikubali kwa sababu pengine ulikuwa unarudi kabla kikao hakijaisha, au maktaba ilikuwa na mfumo mwingine na sasa wamebadilisha.

Dawa: futa hiyo linki. Fungua ukurasa wa mbele wa maktaba, ule wa kabla ya kuingia, ndio uuhifadhi.

Kuna jambo linalofanana na hilo kwenye magazeti na majarida. Maktaba inalipia, wewe unasoma bure, lakini kule kwenye jarida hawakujui wewe, wanaijua maktaba. Kwa hiyo lazima uingie kupitia tovuti ya maktaba, uandike namba ya kadi, ndipo ikupeleke huko ikiwa imeshakutambulisha. Ukitafuta jina la jarida kwenye Google ukabonyeza ya kwanza, utaambiwa ulipie, na utasema huduma imekufa wakati umeingilia mlango wa barabarani.

Ikiwa ukurasa wa mbele unafunguka ila ukiandika namba na pini unarudishwa palepale bila maelezo, huo ni mtindo wa kuki zilizochacha, yaani vile vijifaili ambavyo tovuti inaviacha kwenye brauza ili ikukumbuke. Jaribu kwenye dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge, Ctrl+Shift+P kwa Firefox. Ikikubali huko, basi kwenye dirisha la kawaida kuna takataka ya zamani. Usikimbilie kufuta kila kitu cha brauza, maana ukitia tiki vibaya na paswedi zako zote zinaondoka. Bonyeza ile alama iliyo mwanzo kabisa wa anwani, tafuta sehemu ya kuki na data za tovuti, futa za tovuti hiyo tu. Halafu angalia vile viprogramu vinavyobandikwa kwenye brauza, hasa vya kuzuia matangazo, vizime kwa tovuti ya maktaba. Sababu yake ni kwamba katalogi ya maktaba mara nyingi iko kwenye anwani moja na vitabu vya kidijitali viko kwa kampuni nyingine kwenye anwani nyingine kabisa, zinapeana taarifa kwamba huyu ni mwanachama, na brauza iliyofungwa sana inaona hiyo kama tovuti moja inamfuatilia mtu kwenye nyingine, inakata mawasiliano.

Vitabu sasa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa.

Hilo faili kwenye flashi, angalia mwisho wa jina lake. Nina hakika karibu yote linaishia na .acsm. Kama Windows haionyeshi mwisho wa majina, fungua folda, nenda sehemu ya View juu, weka tiki kwenye File name extensions. Sasa bofya faili kulia uone ukubwa wake, utakuta ni KB chache mno. Kitabu kizima hakiwezi kuwa KB 2. Ukilifungua na Notepad utaona mistari ya alama za < na > na mahali fulani neno fulfillmentToken, ndiyo hayo maandishi yako ya ajabu. Hiyo ni kama karatasi ya kuchukulia mzigo stoo, mzigo wenyewe haumo. Karatasi hiyo inatakiwa ifunguliwe na programu inayoielewa, kwa kawaida Adobe Digital Editions, ambayo inakwenda mtandaoni, inaonyesha karatasi, inakabidhiwa kitabu chenyewe kikiwa EPUB (aina ya faili la kitabu) au PDF, na kufuli lake la kuzuia kunakili.

Kwa hiyo ulichokiweka kwenye flashi ni karatasi. Na karatasi hiyo nayo ina muda wake, ukikaa nayo sana haipokelewi tena, unalazimika kurudi kwenye akaunti yako ya maktaba udaunlodi upya.

Weka Adobe Digital Editions kutoka kwenye tovuti ya Adobe yenyewe, ni bure, usiitoe kwenye matovuti ya kudaunlodi vitu yanayokuwekea na mizigo mingine. Mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuisajili kompyuta kwa Adobe ID, yaani akaunti yako ya Adobe. Isajili, na utumie ID moja siku zote. Kosa linalowasumbua watu ni kuwa na ID mbili, ya simu na ya laptop, unachukua kitabu kwa moja halafu unajaribu kukifungua kwa nyingine, inakuletea ujumbe wenye maneno E_LIC_ALREADY_FULFILLED_BY_ANOTHER_USER. Maana yake kitabu kimeshakabidhiwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni wewe mwenyewe kwa jina la pili. Ikikutokea, ingia na ID ya kwanza, au umwombe mkutubi akirudishe uazime tena.

Kama maktaba yenu inatumia Libby, apu ya kuazima vitabu vya maktaba, mambo ni mepesi zaidi. Libby ilitoka mwaka 2017, ni ya kampuni ya OverDrive, na ile apu yao ya zamani iliyokuwa inaitwa OverDrive ilifungwa mwaka 2023. Nimeitaja kwa sababu kuna watu bado wana alama yake kwenye vifaa vyao wanashangaa mbona haileti kitu. Libby ukiwa kwenye laptop inafunguka ndani ya brauza, huhitaji kuweka programu, unasoma hapohapo. Kwa mtu mwenye laptop nzito mimi ningesema asome kwa brauza au simu, aachane na mambo ya .acsm isipokuwa anataka kusoma bila intaneti au ana kile kifaa maalumu cha kusomea.

Sasa viwili vilivyopotea. Uliviazima lini? Kitabu cha kidijitali cha maktaba ni mkopo wa siku, mara nyingi 7, 14 au 21 kutegemea maktaba. Siku zikiisha kinajirudisha chenyewe bila kukuuliza, hakuna faini, hakuna kero, na kwenye kifaa chako ama kinatoweka ama kinabaki jina tu kisifunguke. Ingia kwenye akaunti yako utafute historia ya mikopo, kama maktaba yenu inaitunza utaviona pale na tarehe zake. Usipoviona, linganisha na barua pepe walizokutumia, mara nyingi wanatuma onyo kabla ya mkopo kuisha na zinaangukia kwenye spamu.

Najua utauliza, kitabu cha kompyuta kinakwishaje, kwani si nakala tu? Ndio, ila maktaba haikukinunua kama inavyonunua cha karatasi. Wachapishaji wengi wanaipa maktaba leseni, na leseni nyingi zinaruhusu msomaji mmoja kwa wakati mmoja kwa kila nakala iliyolipiwa. Zaidi ya hapo leseni yenyewe inaisha, kuna za miezi 24, na kuna za idadi ya mikopo, HarperCollins mwaka 2011 walianza kuweka kikomo cha mikopo 26 kwa leseni, ikifika hapo maktaba ilipie tena. Ndio maana unakuta foleni ya watu wanasubiri kitabu ambacho kwa akili ya kawaida kingeweza kunakiliwa mara elfu, na ndio maana kitabu ulichokiona mwaka jana kwenye katalogi leo hakipo kabisa. Mkutubi hajakificha. Mimi binafsi naona ni utaratibu wa kuumiza maktaba, lakini ndivyo ulivyo, na kwa sababu hiyo ukimaliza kitabu mapema kirudishe mwenyewe. Kwenye Libby kuna kitufe cha kurudisha, kwenye Adobe unabofya kitabu kulia unachagua kurudisha, na aliye nyuma yako kwenye foleni anapata. Zamu yako ikifika Libby inakupa siku 3 za kukichukua, kwa hiyo washa taarifa zake.

Kama hupendi mambo ya kufuli na tarehe, vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha vipo Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, vinazidi 70,000, unadaunlodi EPUB ni yako moja kwa moja. Vya kusikiliza vipo LibriVox. Vingi ni vya Kiingereza, hilo ujue.

Huo uzito wa laptop

Swali la kwanza nitakalokuuliza litakuudhi: mara ya mwisho uliristati lini? Usiniambie unazima kila usiku. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza kuzima, sehemu ya ndani ya mfumo haizimwi kweli, inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka Task Manager, nenda Performance kisha CPU, chini pameandikwa Up time. Wapo wanaozima kila siku na bado pale wanakuta siku 40. Ukichagua Restart ndipo mfumo unaanza upya kabisa, na makorokoro yaliyojikusanya yanaondoka. Ristati, tumia siku nzima, halafu ndio tuongee.

Ukiwa hapohapo kwenye Task Manager nenda Startup. Hiyo ni orodha ya programu zinazoamka zenyewe kila ukiwasha, na laptop ya siku nyingi huwa inakuwa na msururu, ya printa ambayo huna tena, ya simu uliyoiuza, ya kupiga simu za video, mbili tatu za kuhifadhi mafaili. Zima usizozihitaji. Kuzima hapo sio kufuta, programu inabaki, itafunguka ukiiita. Usizime antivairasi na vitu vya touchpad na sauti, kama huna hakika na jina liache.

Halafu diski. Nenda setingi, System, Storage. Kama imejaa hadi imebaki nafasi chini ya sehemu moja ya kumi, mfumo unakosa pa kufanyia kazi na hata apdeti zinakwama. Kuna kitufe cha kufuta mafaili ya muda, kitumie, ila soma orodha kabla hujabonyeza, mle ndani kuna mstari unaitwa Downloads. Huo ni folda yako ya vitu ulivyodaunlodi, vyeti, fomu, picha za watu. Kisanduku chake kiwe hakina tiki. Watu wanaweka tiki kila mahali kwa furaha ya kuona namba inapanda halafu wanaanza kulia.

Programu za kusafisha kompyuta na kurekebisha rejista, zile zinazosema zimekuta makosa 1,846, usiziweke. Ulizonazo ziondoe. Rejista ya Windows, yaani pale mfumo unapotunza setingi zake, haihitaji kusafishwa ili kompyuta iwe nyepesi, na programu ya aina hiyo inapewa ruhusa ya kugusa kila kitu, ikiingiliwa nawe umeingiliwa. Mwaka 2017 CCleaner, ambayo ni maarufu sana, toleo lake la 5.33 lilipenyezwa programu hasidi na wadukuzi kabla halijawafikia watumiaji, na kompyuta zilizokuwa na toleo hilo zilizidi milioni 2. Antivairasi pia, moja inatosha, Windows inakuja na Defender na kwa mtu wa kawaida inafanya kazi. Mbili tatu kwa pamoja zinapigana kwenye kila faili unalofungua na wewe unaambiwa laptop imezeeka.

Sasa kama umefanya yote hayo bado ni nzito, rudi Task Manager, Performance, angalia diski yako ni aina gani, HDD au SSD. Ikiwa HDD na unaiona iko 100% muda mwingi hata hujafungua kitu, basi umepata mchawi. HDD ina sahani inayozunguka na kichwa kinachotafuta, Windows ya siku hizi inaichosha, wakati SSD haina kitu kinachozunguka. Kubadilisha kuweka SSD ndicho kitu kimoja ambacho mimi nakipendekeza bila kusitasita kwa laptop ya zamani, mtu anarudi anauliza umenibadilishia mashine? Na ukiweka SSD usiwe unaifanyia defragi, ile kazi ya kupanga upya vipande vya mafaili, haihitaji, Windows inaitunza kwa njia yake. RAM nayo, ile kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ukiwa na GB 4 na kurasa ishirini za brauza zimefunguliwa, hakuna muujiza, funga nyingine. Vumbi, zima mashine na upulizie matundu ya feni kwa hewa ya kopo kidogo kidogo, na usiitumie juu ya godoro inaziba hewa, joto likipanda inajipunguza kasi yenyewe.

Kuhusu Windows 10, hapa rafiki yako anayesema ununue ana hoja kidogo ingawa sababu yake sio sahihi. Microsoft waliacha kuitolea apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa apdeti za nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kuwa wa hadi Oktoba 2026. Haizimiki, inaendelea kuwaka, ila nje ya mpango huo matundu mapya ya usalama hayazibwi. Angalia kama laptop yako inakubali Windows 11, inadai GB 4 za RAM, nafasi ya GB 64, prosesa iliyo kwenye orodha yao na kitu kinaitwa TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine), na hapo kwenye prosesa na TPM ndipo laptop nyingi za zamani zinapokwamia. Isipokubali, Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inaingia vizuri kwenye mashine kama hiyo, na Libby na katalogi ya maktaba zitafunguka kwenye brauza bila shida. Jambo moja tu, Adobe Digital Editions haina toleo la Linux, kwa hiyo ukihamia huko yale mafaili ya .acsm yasahau, utayafungulia kwenye simu.

Chochote utakachobadilisha, diski au mfumo, nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje na mahali pengine tena, mtandaoni au diski ya pili. Flashi moja haihesabiki kama bakapu.

Wakati unahangaika na haya usishangae ukakutana na ukurasa unapiga kelele kwamba kompyuta imeambukizwa piga namba hii. Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu, kamwe. Usipige. Bonyeza Alt+F4, ikigoma fungua Task Manager uiue brauza, na ukiifungua tena usikubali irudishe kurasa za mwanzo.

Ukiwa huna subira na laptop, nenda katumie kompyuta za maktabani kwa muda. Huko nyingi zinafuta kila kitu mtu akimaliza, kwa hiyo kazi yako usiiache kwenye desktop yao, jitumie kwa barua pepe au iweke kwenye flashi kabla muda wako haujaisha. Toka kwenye kila akaunti uliyoingia, brauza ikiuliza kuhifadhi paswedi sema hapana, na mambo ya benki usiyafanyie pale. Dirisha la faragha linaficha historia tu, halikukingi na mtu aliyechomeka kwenye kibodi kitu cha kunasa unachoandika. Flashi ukirudi nayo nyumbani iskani kwanza.

Na ikibaki linki tu ndiyo inagoma baada ya yote, waandikie maktaba, ila usiandike "haifunguki nisaidieni". Waambie unatumia brauza gani na toleo lake, umejaribu simu kwa data imekubali au imekataa, dirisha la faragha limesemaje, ni saa ngapi ilitokea, na uambatanishe picha ya skrini yenye ule ujumbe mzima pamoja na anwani pale juu. Namba ya kadi watumie, pini usiwatumie, hawaihitaji.